Mzee Nukta na Mstari wa Tano

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, ndani ya chumba cha uchapaji cha shule walikuwamo watu wawili: mzee mmoja asiyeona na mwalimu mmoja wa hesabu. Upande wa pili wa ukuta, katika darasa la mwisho, walikuwamo wanafunzi kumi na mmoja ambao nao hawakuwa wakiona, na ambao Jumatatu, saa tatu kamili, wangefanya mtihani wa kuvukia shule ya juu. Karatasi ya mtihani huo ilikuwa tayari, imehifadhiwa kwenye flashi iliyokuwa mkononi mwa mwalimu. Kilichobaki ni kuigeuza kuwa nukta nundu, yaani yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole, na kuichapa nakala kumi na moja. Kazi hiyo kwa kawaida ilimchukua mzee saa nne na birika moja la chai.

Mzee huyo, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, shule nzima ilimwita Mzee Nukta, na jina hilo lilimganda hata mke wake akalitumia kila alipomkasirikia. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na vidole vyake havikujua maana ya kutulia. Akikosa cha kusoma, alisoma ukingo wa meza.

Yeye mwenyewe alipofanya mtihani kama huo, akiwa na miaka kumi na sita, karatasi za nukta hazikuwapo. Alipewa msomaji: mtu mzima mwenye macho mazima na jino bovu, ambaye alisoma maswali huku ameshika shavu, akikimbia kama anayefukuzwa. Walipofika kwenye pembetatu, msomaji alisema, "Hapa kuna mchoro, lakini hauna maana sana, tuendelee." Maswali matano yalitegemea mchoro huo. Kijana alianguka kwa alama tatu, akaenda kusuka viti kwa miaka kumi na miwili kabla shule haijamwajiri kupiga nukta. Tangu hapo, kwa miaka thelathini na mitano, hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa wasomaji. Sasa mkuu wa shule alikuwa ameandika barua fupi: karatasi zisipokuwa tayari kufikia Jumapili jioni, kila mtahiniwa atapewa msomaji.

Mashine ya kuchapia nukta ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na kelele zake zilikuwa za fundi anayepigilia misumari. Ilisikilizana na kompyuta moja tu, kompyuta mpakato kuukuu iliyofungwa bawaba kwa utepe wa gundi, ambayo bado ilikuwa na tundu pana la pini ishirini na tano, tundu ambalo kompyuta za siku hizi zimekwisha kulisahau. Ndani ya kompyuta hiyo walikaa wapangaji wawili. Wa kwanza alikuwa mfumo wa zamani, wenye sauti ya mtu aliyebanwa pua, ambao peke yake ulijua kuiamrisha mashine ya kuchapia. Wa pili alikuwa mfumo mpya, wenye sauti laini, uliowekwa mwaka uliopita na mpwa wake, binti wa dada yake, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeanza kukataa mafaili ya walimu.

Kuchagua nani aamke ilikuwa kazi ya menyu, na menyu ilikuwa bubu. Ilijitokeza kabla ya sauti yoyote kuamka. Mpwa alimfundisha mjomba wake dawa ya ububu huo: bonyeza swichi, hesabu mpaka kumi na mbili, bonyeza kishale cha chini mara nne, kisha kitufe cha kukubali. Mstari wa kwanza ulikuwa mfumo mpya. Wa tano, wa mwisho, ulikuwa wa zamani. Mzee Nukta aliushika utaratibu huo kama mtu anavyoshika ngazi za nyumbani kwake.

Ijumaa hiyo alibonyeza swichi, akahesabu kumi na mbili, akashuka mara nne, akakubali. Akasubiri ile sauti ya pua. Alihesabu mpaka tisini. Alihesabu tena mpaka tisini. Feni ya kompyuta ilianza kuvuma kwa nguvu.

"Mwalimu, hebu nitazamie. Inafanya kazi?"

Mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana aliyekuwa na mguu mmoja tayari mlangoni kwa sababu kengele ya kipindi ilikuwa inalia, aliinama kidogo.

"Inafanya kazi sana, mzee wangu. Namba zinakimbia."

"Namba gani?"

"Namba tu. Na asilimia. Inapanda vizuri."

Basi mzee akasubiri. Kama anayeona amesema namba zinakimbia, yeye ni nani hata azisimamishe? Alikaa, akasimama, akapanga upya rundo la karatasi nene lililokuwa limepangwa, akaenda dirishani ambako hakuwa na la kutazama, akarudi. Aliweka kiganja juu ya kompyuta: moto. Saa nne ikapita. Chai ikapoa bila kuguswa. Saa sita mwalimu aliporudi, alikuta mzee amevua saa ya mkononi na anaipapasa mishale kila baada ya dakika moja.

"Bado namba zinakimbia?"

"Zinakimbia. Ila, mzee, asilimia hii imerudi mwanzo. Nadhani imezunguka zaidi ya mara moja."

Mzee Nukta aliizima, akaiwasha, akahesabu, akashuka mara nne, akakubali. Feni ikavuma. Sauti ya pua haikuja.

Mwalimu alimwita fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na lango la shule. Fundi alifika saa nane mchana akiwa na mkoba wa bisibisi, akaitazama kompyuta kwanza kwa juu, kisha kwa chini.

"Baba, hii wameichimbua wapi?"

"Iko kazini tangu hujaota ndevu," mzee akasema. "Itazame kwa heshima."

Fundi akacheka, akaiwasha, akaitazama menyu kwa muda mfupi kuliko inavyostahili. "Mfumo wako wa zamani haupo, mzee. Hapa kuna ule mpya, na hiki ulichokuwa unakifungua ni cha kupima kumbukumbu ya mashine. Kinapima, kinapima, hakimalizi mpaka ukikatize. Siku nzima umekuwa unaipima homa isiyokuwapo."

Mwalimu alijifunika mdomo. Mzee hakucheka.

"Haupo, au hauonekani?"

"Kwangu ni mamoja. Suluhisho ni dogo. Nafuta yote, naweka mfumo mmoja safi, dakika arobaini kazi imekwisha. Ugomvi wa wake wenza unakwisha."

"Na ile?" Mzee alinyoosha mkono kuelekea mashine ya kuchapia, bila kukosea upande.

"Programu yake utaitafuta mtandaoni."

"Waliokuwa wanaitengeneza walifunga duka zamani. Diski yake ilivunjika mapacha wangu wakiwa wadogo."

"Basi nunueni mashine nyingine."

Mwalimu alishusha pumzi. "Mzee wangu, tusijidanganye. Leo ni Ijumaa. Kama haichapi, bora niwatafute wasomaji mapema, niwachague walio na subira. Afadhali msomaji mzuri kuliko kukosa yote."

Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili Mzee Nukta alikaribia kukubali. Alichoka, aliona haya kwa zile saa nne alizolinda homa isiyokuwapo, na sauti ya mwalimu haikuwa na ubaya wowote. Kisha vidole vyake vikaufunga mfuniko wa kompyuta.

"Hafuti mtu," alisema. "Nipeni mpaka Jumapili asubuhi."

Aliitia kompyuta kwenye mfuko wa kitambaa, akaibeba kifuani, akaenda nayo nyumbani kwa miguu, fimbo yake ikigonga ukingo wa njia haraka kuliko kawaida. Njiani jambo moja lilimla moyo. Alhamisi ile sauti laini ya mfumo mpya ilimwuliza kama angependa kuusasisha, naye, kwa uungwana tu, akajibu ndiyo. Je, mpya umeufuta wa zamani kwa ridhaa yake mwenyewe? Alimpigia mpwa simu mara sita. Binti huyo alikuwa mpima ardhi, na wiki hiyo alikuwa porini, mahali ambapo mtandao ulipatikana kwa kupanda kilima.

Mke wake, Mama Mapacha, alikuwa fundi cherehani mwenye macho makali ya kuingiza uzi kwa jaribio moja. Jumamosi asubuhi alisogeza vitambaa pembeni ya meza, akaketi karibu na mumewe.

"Leo utakuwa macho yangu," mzee akamwambia. "Lakini usiniambie inafanya kazi. Niambie unachokiona."

"Kwani lini nimekuambia kisichokuwapo?"

"Harusini ulisema nimependeza."

"Ulipendeza. Suti ndiyo ilikuwa ya kaka yako. Washa kitu chako."

Akawasha. Mama Mapacha akaingoja menyu, na ilipotokea akaisoma kwa kidole, kama anayehesabu vifungo.

"Mistari ni minne."

"Hesabu tena."

"Baba Mapacha, mimi nahesabu mishono elfu kwa siku. Minne."

Mguu wa kulia wa mzee ulianza kupiga sakafu. Sasa alielewa kilichotokea. Ukishuka mara nne katika orodha ya mistari minne, unakwama kwenye wa mwisho. Na wa mwisho sasa ulikuwa ule wa kupima kumbukumbu. Yeye alikuwa anapanda ngazi tano katika nyumba iliyobomolewa ngazi moja. Ila hilo lilimpa jibu la nusu tu. Nusu iliyobaki, yenye uzito, ilikuwa hii: mpangaji wa zamani amekufa, au jina lake limebanduliwa mlangoni?

Aliufungua mfumo mpya, ule uliokuwa unasema. Kwa vishale na kwa masikio alitembea ndani ya diski, chumba kwa chumba, mke wake akishona pindo ili asionekane anangoja. Sauti laini ilimtajia kabati la mafaili moja baada ya jingine. Hatimaye ikataja kabati kubwa lisilo lake, na ndani ya hilo, mafaili yenye majina aliyoyaandika yeye mwenyewe: mitihani ya miaka yote, na orodha ya alama za kuandikia hesabu kwa nukta, alizozisahihisha moja moja kwa miaka ishirini.

"Yumo," alisema.

"Nani?"

"Mpangaji. Yumo ndani, mzima. Ni mlango tu umefichwa."

Mama Mapacha aliendelea kushona. "Basi mbona bado unatikisa meza? Nimeshona pindo linalopanda mlima."

Alitikisa meza kwa sababu kujua mtu yumo ndani si kumfungulia. Alijaribu hili, akajaribu lile. Aliiwasha na kuizima kompyuta mara tisa. Hakula. Alikwenda uani, akarudi. Mke wake alimhamishia kwenye kiti kisicholia, naye akapata namna ya kukiliza.

Saa tisa alasiri simu ililia.

"Shikamoo mjomba. Niko juu ya kilima, nina betri kidogo. Simu sita, kuna msiba?"

"Marahaba. Menyu imepoteza mstari wa tano."

"Ulisasisha?"

"Nilisasisha."

Mpwa akacheka kwa sauti ya upepo. "Pole, mjomba. Hilo ni kosa langu, nilipaswa kukuonya. Toleo jipya la menyu limekatazwa kutafuta mfumo jirani. Linajiona liko peke yake. Kuna faili la mipangilio ya menyu, lile nililokuonyesha ulipotaka muda wa kusubiri uongezwe. Mwishoni mna mstari unaohusu kutafuta mifumo mingine. Umeshaandikwa, wewe uwashe tu, kisha uijenge menyu upya kwa ile amri ya…"

"Amri ninaikumbuka. Kuuwasha ndiyo vipi?"

Kilima hakikujibu. Betri ilikuwa imekwisha.

Alilifungua faili. Akashuka mpaka mwisho, akausikiliza mstari. Sauti laini iliusoma wote, neno kwa neno, na ulisema kwamba katazo la kutafuta mifumo mingine limeondolewa. Mzee aliusikiliza mara tatu. Uko sawa kabisa. Akaijenga menyu upya, akaizima kompyuta, akaiwasha.

"Mingapi?"

"Minne."

Alirudi kwenye faili. Akausikiliza tena. Uko sawa. Akaijenga menyu tena. Minne. Alikuwa sasa amesimama, mikono nyuma, akitembea kati ya cherehani na dirisha, hatua tano kwenda, hatua tano kurudi. Kichwani mwake ilikuwa Jumatatu tayari, na watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kando ya watoto kumi na mmoja, wameshika mashavu.

"Mstari umo," alisema. "Umo, umewashwa, na hausikii. Naambiwa uko wazi na mlango umefungwa. Labda yule fundi alisema kweli. Labda kesho nimpe afute."

"Nionyeshe huo mstari."

"Wewe Kizungu cha kompyuta umekijulia wapi?"

"Sijasema nitausoma. Nimesema nionyeshe."

Akaufikisha kishale hapo. Mama Mapacha aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, kama anapotafuta uzi ulioruka.

"Huu wa juu yake umeanza na herufi. Huu wako umeanza na kitu. Kama ngazi ndogo, vijiti viwili vimelala na viwili vimesimama."

"Reli? Ile ya kwenye simu?"

"Hiyo hiyo. Mistari mingi ya juu inayo. Mingine haina."

Mzee Nukta aliketi polepole. Sauti laini, kwa adabu yake, ilikuwa inaruka alama zote zisizokuwa herufi ili isimchoshe msikilizaji. Na katika mafaili ya namna hiyo, mstari unaoanza na reli huhesabiwa kuwa maelezo tu, maneno ya pembeni ambayo kompyuta haiyatii. Mstari ulikuwapo, umeandikwa vizuri, ukiwa umefungwa mdomo kwa alama ambayo yeye hakuweza kuisikia.

Aliifuta reli kwa kubonyeza mara moja. Akaijenga menyu upya. Akazima, akawasha.

"Mitano," mke wake akasema.

Hakushangilia. Alishuka mara nne, akakubali, akaanza kuhesabu, na alipofika themanini na saba ile sauti iliyobanwa pua ikamkaribisha.

"Huyo ndiye uliyekuwa unamlilia?" Mama Mapacha akauliza. "Ana mafua."

Jumapili asubuhi walikwenda shule wote wawili. Katika karatasi ya hesabu mlikuwa na michoro mitatu, na michoro hiyo mashine haikuiweza. Siku zote ilikuwa kazi ya Mama Mapacha. Aliichora kwa nyuma ya karatasi nene, kulia ikiwa kushoto, kisha akaifuatisha kwa kigurudumu chenye meno ambacho mafundi cherehani huhamishia alama za mshono. Upande wa mbele ikatokea mistari ya vinundu. Michoro mitatu kwa watoto kumi na mmoja, shiti thelathini na tatu. Alianza saa mbili na hakuinua kichwa.

Mashine ya kuchapia ilipigilia misumari yake vizuri mpaka saa saba. Kila nakala ilikuwa na kurasa kumi na nne. Nakala kumi zilitoka kamili. Ya kumi na moja ilipomaliza ukurasa wa sita, ndani ya mashine kitu kikalia kama kamba ya viatu inayokatika, na mkanda wa kuvuta karatasi ukalegea.

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekuja kupokea, aliupapasa mkanda uliokatika, kisha akamtazama mzee.

"Kumi zinatosha kuokoa siku, mzee wangu. Mmoja tumpe msomaji. Nitamsomea mimi mwenyewe, polepole."

"Mtoto gani huyo?"

"Sijachagua."

"Basi usichague."

Alivuta droo, akatoa kibao cha chuma na sindano ya mpini wa mbao. Alikaza karatasi, akaanza kutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, nukta moja moja, akirudi nyuma kila ukurasa kuhakiki kwa kidole. Kurasa nane. Mguu wake, uliotikisika tangu Ijumaa, ulikuwa bado unatikisika, mkono haukutikisika. Mke wake alimsomea karatasi ya asili mstari kwa mstari, na alipofika kwenye alama asiyoijua, hakuiruka. Aliieleza umbo lake mpaka mzee akaitambua. Alipotoboa nukta ya mwisho, jua la alasiri lilikuwa bado halijashuka usawa wa ukuta.

Jumatatu saa tatu kamili karatasi ziligawanywa. Ile ya mkono ilikuwa katikati ya rundo, na mzee hakumwambia mtu. Alikaa kiti cha nyuma kwa ajili ya ukurasa wowote utakaolalamikiwa, akisikiliza. Vidole vilianza kupita juu ya karatasi, sauti ya mchanga mkavu. Baada ya nusu saa, upande wa dirishani, jozi moja ya vidole ilisimama, ikarudi mwanzo wa mstari, ikabonyeza kidogo, kisha ikaendelea.

Saa tano na nusu msimamizi alitangaza kwamba aliyemaliza anaruhusiwa kutoka. Walitoka saba. Walibaki wanafunzi wanne, msimamizi mmoja, na mzee mmoja kwenye kiti cha nyuma. Msomaji hakuwapo hata mmoja.